Gumba na Shahada: Ufundi wa Gitaa la Maskanda

Jeppestown, mashariki ya katikati ya Johannesburg, hutufikia Afrika Mashariki kwa habari mbaya. Septemba 2019 mtaa huo ulitajwa sana kwa mashambulizi dhidi ya wageni, na machungu yake bado yapo. Lakini hosteli za wafanyakazi za huko, kama Wolhuter, zimelea pia ufundi unaostahili kusikilizwa kwa utulivu: gitaa la maskanda, muziki wa Wazulu.

Wanaume wa Kizulu kutoka sehemu kama Msinga na Nkandla walikuja kutafuta kazi kwenye jiji la dhahabu, familia zikabaki vijijini. Gitaa walilinunua dukani. Muziki walikuja nao. Sehemu ya mizizi yake ni umakhweyana, upinde wenye kibuyu na waya mmoja uliofungwa kati ukagawanyika vipande viwili. Kila kipande kina sauti yake ya msingi, na mwimbaji, mara nyingi mwanamke, huimba juu ya sauti hizo mbili.

Kwenye gitaa, kazi hiyo hufanywa na vidole viwili. Gumba hushika besi bila kuyumba. Shahada hucheza tuni juu yake, ikiingia pale gumba linapopumua. Wapigaji wengi huulegeza uzi mwembamba kabisa kutoka E hadi D. Mtindo huu wa kudonoa nyuzi, ukupika, huhusishwa zaidi na John Bhengu wa Nkandla, maarufu kwa jina la Phuzushukela.

Wimbo hufunguliwa kwa izihlabo: nyuzi hukimbia huru, bila mapigo, mpigaji akionyesha mkono wake. Kisha mdundo huingia. Baadaye, gitaa likiendelea, huja izibongo, majigambo yanayomiminwa kwa kasi: mimi ni fulani, mwana wa fulani, natoka mto fulani. Kwa mtu ambaye kazini alikuwa nguvukazi tu, hapo ndipo alipojirudishia ukoo wake.

Sisi tunaye jirani wa ufundi huu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, katika Katanga ya Kongo, naye akiimba kwa Kiswahili na kupiga kwa gumba na shahada. Katanga nako kulikuwa na migodi na vijana waliohama makwao. Na ng'ambo ya bahari, Rio de Janeiro, samba ilikuzwa na watu weusi waliohamia kutoka Bahia. Muziki wa namna hii hudumu kwa sababu humpa mhamaji mahali pa kusimama na kujitaja.

Ukipata rekodi ya Phuzushukela, isikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake. Ya pili, fuata shahada. Ya tatu sikiliza majigambo, utambue jinsi vidole vile viwili vinavyombeba mtu mzima pamoja na ukoo wake.