Kiungo na Jina Lake: Sunday Manara Masikioni mwa Watu wa Karagwe

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na desturi za ndoa. Kandanda huachiwa kurasa za nyuma za magazeti, kana kwamba ni jambo la jasho na miguu tu, lisilo na fikra ndani yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba uchezaji wa mchezaji stadi unaweza kuhakikiwa kama shairi linavyohakikiwa. Mfano wetu ni Sunday Manara, yule aliyeitwa "Kompyuta". Nasi tutamsikiliza kutoka Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa huko sifa yake ilifika kwa njia ya sauti, na sauti ina namna yake ya kumjenga mtu.

Kwanza tutaje maisha yake ya uchezaji kwa ufupi. Manara alitoka katika nyumba ya wanakandanda, maana ndugu zake Kitwana na Kassim nao walijipatia jina katika mchezo huo. Aling'ara katika klabu ya Yanga ya Dar es Salaam katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, akicheza baina ya kiungo na ushambuliaji. Mgogoro ulioigawa Yanga ulipozaa klabu ya Pan African mwaka 1976, naye alikuwa miongoni mwa waliovaa jezi ya klabu hiyo mpya. Mwishoni mwa muongo huo alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, na kwa sababu hiyo hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza Marekani, Austria na Dubai. Mbwana Samatta alipojiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, alipita katika njia ambayo nyayo za kwanza zilikwisha kukanyagwa.

Hata hivyo, orodha ya klabu si uhakiki. Tuje kwenye mchezo mmoja ambao ndio uliolifikisha jina lake mbali. Tarehe 10 Agosti 1974, Yanga na Simba zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba katika dakika ya 16. Simba ililishika bao hilo hadi dakika ya 87, Gibson Sembuli aliposawazisha. Mchezo ukaingia katika muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Manara akafunga bao la ushindi. Yanga 2, Simba 1.

Mwaka ule Mkoa wa Kagera ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, na Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, kabla ya kuwa wilaya mwaka 2012. Mtu wa Kayanga au Nkwenda aliyetaka kwenda Nyamagana ilimbidi ashike barabara ya vumbi hadi Bukoba, kisha alale ndani ya meli usiku kucha kulivuka ziwa. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara, wala haikuja hadi mwaka 1994. Kwa wakulima wa migomba na kahawa, mchezo ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam na betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu kidogo tena.

Sisi tulizaliwa wakati huo, na bao la Nyamagana tumelipokea kwa masimulizi ya wazee. Jambo moja limetushangaza daima. Kila mzee ana bao lake. Mmoja atakuambia kwamba Manara alipiga kwa mbali, mwingine kwamba aliwapiga chenga walinzi wawili kwanza, na wa tatu atasimama kitini kukuonyesha bega lilivyoinama. Wote walikuwa Karagwe siku hiyo. Walichopewa na redio ni jina na dakika, na mengine waliyajaza wenyewe. Huo si uongo. Ndivyo masimulizi ya ushujaa yalivyofanya kazi katika nchi hiyo tangu zamani, pale mwimbaji wa nanga alipolitaja jina la shujaa na wasikilizaji wakayaona mapambano.

Sasa tulitazame neno kiungo. Katika mwili, kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana ili mkono uweze kukunjika. Jikoni, kiungo ni kile kinachokipa chakula ladha. Lugha yetu ilipompa mchezaji wa kati jina hilo, ilimkabidhi kazi zote mbili: aunganishe, na atie ladha. Mchezaji anayeunganisha tu ni fundi mzuri lakini mchezo wake hauna chumvi. Anayetia ladha tu, akapiga chenga kwa ajili ya makofi, huacha timu yake imekatika vipande viwili. Ustadi ni kuyapatanisha mawili hayo katika mguso mmoja wa mpira.

Mwanafunzi wa ushairi ataelewa upesi. Mshororo wa mizani 16 una kina cha kati na kina cha mwisho. Msikilizaji hungoja kina cha mwisho, kwa maana hapo ndipo mshororo unapotua, kama mpira unavyotua wavuni. Lakini mtunzi mzembe hugundulika katikati, katika mizani ya nane, ambapo kina kimelazimishwa au kimesahauliwa. Kiungo wa kandanda ndiye kina cha kati. Akikosea yeye, bao hata likifungwa huwa la bahati.

Je, jina la Kompyuta linamweleza mchezaji wa namna hiyo? Hapa ndipo tunapotaka kutofautiana kidogo na mapokeo. Serikali yetu ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, na mwaka huohuo wa 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Kwa hiyo wapenzi wa kandanda walimsifu kijana wao kwa jina la chombo ambacho wengi wao hawakukiona kamwe. Walichotaka kukisifu ni akili. Walisema, kwa neno moja, kwamba huyu hachezi kwa nguvu, anapiga hesabu. Hilo ni hukumu ya kihakiki iliyo sahihi, tena imetolewa na umma na si na wasomi.

Lakini jina la sifa hufunika pia. Mashine hukokotoa kile ilichopewa, ilhali kiungo hujibu swali ambalo halijaulizwa, mbele ya mlinzi anayebadili nia yake papo hapo. Zaidi ya hayo, jina kubwa huwameza wenzake. Bila bao la Sembuli, dakika ya 97 isingekuwapo kabisa, lakini katika masimulizi tuliyoyasikia Sembuli hutajwa kwa sentensi moja tu. Watu wa Karagwe wanalijua jambo hili kwa mfano wa karibu. Sanamu za ng'ombe za chuma za ikulu ya Bweranyange hutajwa pamoja na majina ya wafalme wa Karagwe, na wafua chuma wengi waliozijua siri za tanuri wamebaki bila majina. Kandanda ni kazi ya watu 11. Mhakiki asiyewataja wanaompa kiungo mpira na wanaoupokea kutoka kwake hajauhakiki mchezo, ameimba sifa tu.

Kuna faida nyingine isiyopimwa kwa mabao. Katika nyumba nyingi za Karagwe lugha ya mekoni ilikuwa Kinyambo, na mawimbi ya redio za Uganda na Rwanda yalikuwa karibu kuliko ya Dar es Salaam. Mtangazaji wa mpira aliwapa watu maneno ya Kiswahili yenye damu ndani yake: chenga, kiungo, mlinzi, kusawazisha, muda wa nyongeza. Hayakufundishwa kwa kiboko. Yalishikwa kwa sababu aliyeyakosa aliukosa mchezo.

Waliosikiliza mchezo ule wakiwa vijana sasa wamepita miaka 60, na kila mwaka masikio hayo yanapungua. Walimu wa Kiswahili katika shule za Karagwe na Kyerwa wanayo kazi iliyo ndani ya uwezo wao, isiyohitaji fedha. Wawatume wanafunzi kwa wazee wa vijiji vyao, wayaandike mabao ya Nyamagana yote, lile la mbali na lile la chenga mbili, pamoja na maneno yaleyale ya msimulizi. Kisha darasani wayalinganishe, waulize kila msimulizi amesifu nini, na amemsahau nani. Wakianza na Sembuli, watakuwa wameanza vizuri.