Hadithi ya Griffey Isiishie kwa Makofi

Wapo wasimulizi wanaodhani methali moja inatosha kuwa riwaya. Mtajie msimulizi wa aina hiyo Ken Griffey Jr., mcheza besiboli wa Marekani, naye atakujibu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kisha atanyamaza kama mtu aliyemaliza kazi. Baba alicheza, mwana akacheza, wote wakawa mastaa. Basi! Mimi nasema hapo kazi ya mwandishi haijaanza hata kidogo. Hebu tuyasome maisha ya mchezaji huyu kama tunavyosoma riwaya, tuone msuko wake unakatwa wapi na ni nani anaufaidi mkato huo.

Kwanza, kwa wasioujua mchezo. Timu ni mbili, wachezaji tisa kila upande. Mmoja anarusha mpira, mpinzani wake anaugonga kwa rungu na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani: anazunguka vituo vyote bila kubughudhiwa na mtu. Griffey alilinda eneo la nyuma, pale katikati, ambako mlinzi mara nyingi anaufukuza mpira huku ameupa mgongo. Kwa ulinzi huo alitunukiwa Glovu ya Dhahabu miaka kumi mfululizo, kuanzia 1990 hadi 1999.

Sasa tuje kwenye ukoo. Griffey alizaliwa tarehe 21 Novemba 1969 huko Donora, Pennsylvania, mji mdogo uliokuwa wa viwanda vya chuma. Babu yake, Buddy Griffey, alicheza timu ya shule pamoja na Stan Musial, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa mchezo huo. Lakini babu huyo aliiacha familia wakati Mzee Griffey, baba wa mhusika wetu, angali mtoto mdogo. Soma tena hapo, ndugu msomaji. Ukoo huu unaosifiwa una tundu katikati yake. Mzee Griffey alifika ligi kuu mwaka 1973 na kutwaa ubingwa na Cincinnati Reds mwaka 1975 na 1976, wala hakulelewa na mchezaji yeyote. Sasa huyo nyoka wa kwanza alikuwa wapi?

Mwana alipata alichokikosa baba. Alikulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya Cincinnati, akiwaona mabingwa wakifunga bandeji na kulalamika magoti. Hii ni faida kubwa, tusijidanganye. Mtoto anayewaona mafundi wakiwa wamechoka hauogopi ufundi, kwa sababu anajua kwamba ni kazi tu, si uchawi. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 17, Seattle Mariners walimchagua wa kwanza kabisa katika vijana wote wa nchi nzima.

Halafu inakuja sura ambayo wenye methali huiruka. Januari 1988, akiwa na miaka 18, kijana huyu alijaribu kujiua. Alipelekwa hospitali, akapona. Hatukuyapata haya kwa wambeya. Mwaka 1992 aliyasema mwenyewe kwa gazeti la Seattle Times, akieleza kwamba siku zile alikuwa akigombana na baba yake, na kwamba anasema ili vijana wengine wasifanye kama yeye. Jamani, huu ndio mgogoro wenyewe! Mrithi wa jina kubwa, aliyechaguliwa mbele ya vijana wote wa nchi, anaona hana pa kupumulia. Methali haina nafasi ya jambo hilo, maana ndani ya methali nyoka mdogo haugui.

Sasa tuutazame mwaka 1990, ule unaopendwa na wasimulizi wote. Mzee alikuwa na miaka 40, Reds wamekwisha mwacha, Seattle wakamchukua. Tarehe 31 Agosti baba na mwana walicheza pamoja timu moja katika ligi kuu, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla yao. Tarehe 14 Septemba, wakicheza na California Angels, Mzee alipiga homurani. Mtoto akafuata, naye akapiga. Makofi, picha, pazia.

Tukio ni tamu, sikatai. Lakini kifani lina kasoro: linatatua mgogoro ambao msimulizi hakutuonyesha. Ukiondoa Januari 1988, Septemba 1990 inabaki picha ya kalenda. Ukiirudisha, unaona watu wawili waliokaribia kupotezana, sasa wanapokezana rungu. Pigo ni lile lile, uwanja ni ule ule, ila uzito wake umebadilika kabisa. Hiyo ndiyo tofauti ya mwandishi na mpiga debe.

Miaka ya utukufu nitaipita haraka, maana sifa hazina msuko. Tarehe 8 Oktoba 1995 alikimbia kutoka kituo cha kwanza hadi nyumbani kuifungia Seattle bao lililowatoa New York Yankees. Mwaka 1997 alipiga homurani 56 na kuteuliwa mchezaji bora wa ligi yake kwa kura zote. Mwaka 1998 akapiga 56 nyingine. Enzi hizo wapo waliopiga nyingi kumzidi, na baadaye baadhi yao majina yao yakachafuka kwa dawa. Lake halikuwamo katika ripoti ya Mitchell ya mwaka 2007, iliyotaja wachezaji kadhaa wa dawa hizo.

Februari 2000 akahamia Cincinnati, timu ya baba yake. Hapa wasimulizi wengi hufunga daftari, kwa sababu mwili ulianza kumgomea. Msimu una mechi 162, yeye mwaka 2002 akacheza 70, mwaka 2003 akacheza 53, mwaka 2004 akacheza 83. Paja, goti, bega, kifundo cha mguu, kila mwaka na balaa lake. Watu wakasema kaisha, kashuka.

Mimi nasema riwaya nzuri inaanzia hapa. Tarehe 20 Juni 2004 ilikuwa Siku ya Akina Baba Marekani. Huko St. Louis, mbele ya Mzee wake aliyekaa jukwaani, Griffey alipiga homurani ya 500. Pigo hilo hilo lilikuwa pigo lake la 2,143 katika ligi kuu kwa kuhesabu mapigo yote, na baba yake alistaafu na mapigo 2,143, si zaidi wala pungufu. Siku ile aliyemfikia baba hakuwa yule chipukizi wa 1990 mwenye miguu ya swala. Alikuwa mtu wa miaka 34 aliyeshonwa huku na kule. Mwandishi akibuni sadfa kama hii, mhariri ataikata kwa wino mwekundu. Maisha hayana mhariri.

Alistaafu tarehe 2 Juni 2010 akiwa na homurani 630. Hakukuwa na sherehe ya kuaga, alipanda gari akaondoka Seattle kurudi kwao Florida. Mwaka 2016 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa kwa kura 437 kati ya 440. Pamoja na yote hayo, fainali kuu ya besiboli hakuwahi kuicheza hata mara moja. Baba ana ubingwa mara mbili, mwana hana. Kwa takwimu mwana kampita baba mbali, na bado kuna mlango mmoja ambao baba aliingia na yeye akabaki nje.

Kwa nini nayasema haya katika jarida la waandishi chipukizi? Kwa sababu methali ile inatumika kutunyamazisha. Wengi wetu hatukurithi kabati la vitabu. Tumemaliza sekondari, mchana tunahangaika na riziki, usiku tunaandika kwenye madaftari. Tukionyesha mswada, tunaulizwa kwanza sisi ni watoto wa nani. Jibu lipo Donora: mtoto wa mtu aliyeondoka alijifunza, akaingia ligi kuu. Ukoo ulianza upya kwake. Na faida aliyoipata mwanawe, ya kukaa karibu na watu wanaoifanya kazi, hata sisi tunaweza kupeana. Someaneni miswada. Mwonyeshe mwenzio ukurasa uliofutwafutwa, siyo ule safi tu. Na ukimwandika mwanamichezo, au baba yako mwenyewe, usikimbilie siku ya makofi. Anza na ule mwaka aliocheza mechi 53.