Kimwaki, beki wa nyumbani

Huku Tunda, katika Kongo ya Kinshasa, mpira mkubwa tuliujulia redioni kabla ya kuuona kwa macho, na redio ina namna yake ya kumtendea beki. Mshambuliaji hutajwa mwanzo: amepokea, amegeuka, amempita mmoja, anamwona kipa. Beki hutajwa mwisho. Jina lake hulipuka peke yake, kisha mtangazaji anavuta pumzi. Kimwaki! Na shambulizi limekufa hapo. Kwa miaka mingi jina la Joël Kimwaki lilitufikia hivyo.

Sasa ametundika viatu, na naona hajasifiwa vya kutosha. Watoto wanaocheza peku jioni huwasikii wakigombania kuwa Kimwaki. Wanagombania kuwa mshambuliaji Trésor Mputu, au mtu wa Ulaya waliyemwona kwenye simu. Nawaelewa. Goli linaonekana. Kazi ya beki wa kati sharti uitafute, na mahali pa kuitafuta ni pale ambapo mpira bado haujafika.

Tazama beki wa kati aliyeiva wakati winga anajiandaa kupiga krosi. Watazamaji wote wameshika macho yao kwa winga. Beki anatazama mara mbili: mpira, halafu nyuma ya bega lake, halafu mpira tena. Mwili wake hauelekei upande mmoja. Amesimama kimshazari, ili aweze kukimbilia goli lake bila kuzunguka kwanza. Hatua zake ni fupi, za haraka, hakuna mguu uliojikita chini. Mkono wake unamgusa mshambuliaji kidogo tu, wala hamshiki, maana refa anaona. Anataka kujua yupo wapi bila kumtazama. Yote hayo yanafanyika katika sekunde mbili. Krosi ikija, anaruka na kuondoa, na sisi tunasema ameruka vizuri. Kuruka ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hiyo.

Sehemu ngumu zaidi ni kujizuia. Mshambuliaji akija na mpira mguuni, damu inamwambia kijana: mvamie. Beki mwenye akili harukii. Anarudi nyuma taratibu, anamfungia njia ya katikati, anamwachia ile ya pembeni ambako mwenzake anangoja na mstari wa kiwanja unasaidia. Anangoja mguso mmoja uliozidi nguvu kidogo, ndipo anatia mguu. Kijana wa miaka 18 ana mbio na ana moyo, lakini kungoja huko huwezi kumwambia leo akakufanya kesho. Kunatokana na mechi nyingi, na nyingine ulizopigwa.

Kimwaki, mzaliwa wa Kinshasa wa mwaka 1986, jina lake alilijengea Lubumbashi, kwenye klabu ya TP Mazembe. Aliingia katika timu iliyokuwa na njaa. Mwaka 2009 Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa njia ambayo mabeki wanaweza kuipenda kuliko watu wengine: ilifungwa 2-1 na Heartland huko Nigeria, ikarudi nyumbani ikashinda 1-0, ikabeba kombe kwa goli la ugenini. Goli moja lingeingia Lubumbashi siku ile, hesabu yote ingegeuka. Mwaka uliofuata ilikuwa raha: Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0, marudiano yakawa 1-1.

Halafu ikaja Abu Dhabi, Desemba 2010, Kombe la Dunia la Klabu. Mazembe ikaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0. Ikaifunga Internacional ya Brazili, mabingwa wa Amerika Kusini, 2-0, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Kila mtu anakumbuka kipa Robert Kidiaba akiruka kwa makalio kushangilia, na alistahili, aliokoa mipira ya kutisha. Mimi nataka tuwakumbuke pia wanne waliokuwa mbele yake: Nkulukuta, Kimwaki, Ekanga, Kasusula. Mechi mbili, dhidi ya mabingwa wa mabara mawili, na goli la Mazembe halikuguswa.

Fainali ilikuwa mbele ya Inter Milan. Pandev akafunga mapema, Eto'o akaongeza kabla ya dakika ya 20, Biabiany akamalizia: 3-0. Simpunguzii Kimwaki chochote kwa usiku ule. Inter ile ilikuwa imetoka kuchukua kombe la Ulaya, na Samuel Eto'o alikuwa mtu wa kukuadhibu kwa nusu hatua. Ukubwa wa beki naupima kwa mechi inayofuata baada ya kipigo kama hicho, na Kimwaki aliendelea kucheza katika kiwango cha juu miaka mingi baada yake.

Siku yake ya kutajwa mwanzo ilifika tarehe 31 Januari 2015, Bata, huko Guinea ya Ikweta. Robo fainali ya Kombe la Afrika, Kongo mbili, yetu na ya Brazzaville, zikikutana. Chui wetu, timu ya taifa, walikuwa wamefika pale kwa sare tatu, hawajashinda mechi hata moja. Brazzaville wakafunga la kwanza, wakafunga la pili. Kwa mwingine yangekuwa yameisha. Mbokani akarudisha moja, Bokila akasawazisha, na dakika ya 81 aliyefunga la tatu alikuwa beki Kimwaki. Mbokani akapiga msumari wa mwisho, 4-2. Wahispania wana siku yao ya namna hiyo: Carles Puyol, beki aliyezoeleka kuzuia, ndiye aliyefunga goli pekee dhidi ya Ujerumani kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Durban mwaka 2010. Dunia nzima inalijua goli la Puyol. La Kimwaki tunalijua sisi, na linatosha kusimuliwa. Mashindano yale Kongo ilimaliza ya tatu, baada ya kutoka 0-0 na wenyeji na kuwatoa kwa penalti.

Kuna kombe jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye picha yake kamili. CHAN ni mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu. Aliye Ulaya haruhusiwi. La kwanza lilichezwa Côte d'Ivoire mwaka 2009, Kongo ikaifunga Ghana 2-0 fainali, na Kimwaki alikuwa kwenye kikosi. Miaka saba baadaye, Kigali, chini ya kocha Florent Ibenge, alirudi akiwa kapteni. Njia haikuwa laini: Rwanda ilitolewa mbele ya watu wake katika muda wa nyongeza, Guinea ikatolewa kwa penalti. Fainali ya tarehe 7 Februari 2016 dhidi ya Mali ilikuwa ya vijana: Elia Meschack mawili, Jonathan Bolingi moja. Vijana hao waliweza kwenda mbele kwa uhuru kwa sababu kulikuwa na mtu mzima nyuma anayepiga kelele, anayepandisha mstari, anayemwambia mwenzake wa kushoto asogee hatua mbili. Matokeo yakawa 3-0. Fainali mbili za CHAN, na goli la Kongo halikufunguliwa hata mara moja.

Kazi hii haijaisha kwetu. Novemba 2024 Maniema Union, timu yetu ya Kindu, ilikwenda Pretoria kuanza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa mbele ya Mamelodi Sundowns, klabu tajiri na yenye pasi nyingi. Ilirudi na 0-0. Atakayepata video ya mechi hiyo asiifuate mipira ya Sundowns. Achague beki mmoja wa Maniema, amtazame huyo tu kwa dakika 10, miguu yake na shingo yake.