Gamba Lililofuliwa na Kaa

Geuza jiwe penye maji ya magotini katika Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Uvira, na huenda ukamkuta Lavigeria: konokono anayetoshana na ncha ya kidole gumba, gamba lake lina mbavu zinazokatana na mistari ya mzunguko. Libane kwa vidole, halitikisiki. Mtu wa Mombasa angeapa limetoka baharini, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Baadhi ya wataalamu nao walidhani hivyo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, na magamba ambayo Speke aliyaokota ziwani yakafika kwa Woodward, mtaalamu wa magamba, huko London. Mwaka 1859 moja akalipa jina la nassa, ambalo pia ni jina la konokono wa baharini. Mwanabiolojia J. E. S. Moore akaenda mbali zaidi: katika kitabu chake cha 1903 alitetea hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale.

Hoja hiyo haikusimama. Ukoo wa konokono hawa ni wa maji baridi. Basi sura ya bahari wameipata wapi?

Jibu liko kwenye mdomo wa gamba. Konokono hujenga gamba kwa ukingo wa nyama yake, akiongeza chokaa kidogo kidogo mdomoni. Kaa wa ziwa hili, Platythelphusa armata, ana gando nene lenye meno butu ya kusagia. Hulishika gamba mdomoni na kulimegua. Konokono akiponyoka, hurudi ndani, kisha huanza kujenga upya pale palipovunjika. Mshono hubaki, umepindapinda, hauendani na mistari mingine.

Mwaka 1991 watafiti West, Cohen na Baron walilinganisha konokono wa Tanganyika na jamaa zao wa kwingineko Afrika. Wa Tanganyika walikuwa na magamba mazito zaidi na yenye makovu mengi. Kaa nao walikuwa na magando makubwa zaidi. Ndani ya gamba, nyuzi za chokaa zimepangwa kwa tabaka, kila tabaka likikatiza lililo chini yake, kama plaiwudi. Ufa ukianza, hugonga tabaka la pili na kukwama. Maji ya ziwa, yenye chumvichumvi nyingi za madini, hurahisisha ujenzi huo.

Baharini, kaa na konokono wameshindana hivyohivyo. Mapambano yaleyale yamezaa ngao ileile.

Ila ukihesabu makovu ufukweni, hesabu kwa uangalifu. Kovu ni la konokono aliyenusurika. Gamba laini lisilo na kovu huenda halikuguswa kamwe. Na aliyeshindwa mara ya kwanza hakuacha kovu, ameacha vipande vilivyochanganyika na mchanga.