Tusiisingizie tarakilishi: kanuni ya kukata neno ni jukumu letu

MAJUZI mwalimu mwenzangu wa fasihi alinijia na kurasa za majaribio za kitabu chake, uso kaukunja. Mwishoni mwa mstari mmoja neno ‘ng’ombe’ lilikuwa limekatwa baada ya ‘n’. Herufi zilizosalia zikaangukia mstari wa chini. Kwingine ‘sambaza’ lilikuwa ‘sam-baza’. Aliponung’unika, mchapishaji alimjibu kwa neno moja tu: “Tarakilishi.”

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga leo. Tunalitoa kwa wepesi mno, utadhani mashine iliamka asubuhi moja ikaamua kuikosea lugha yetu heshima. Anayeijua historia ya programu za kupangilia matini hawezi kuridhika nalo.

Turudi mwaka wa 1964, katika chuo cha MIT nchini Marekani. Jerome Saltzer, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu, aliunda programu iliyoitwa RUNOFF. Mwandishi alichapa maneno yake, na kila alipotaka jambo maalumu, kama vile kuacha nafasi au kuweka kichwa katikati, alianza mstari kwa nukta kisha akaandika amri. Programu ilijaza mistari na kuunyoosha ukingo wa kulia kwa kuongeza nafasi baina ya maneno. Basi. Haikudai kujua lugha yoyote.

RUNOFF ikazaa roff, na roff ikalelewa katika maabara za Bell. Watafiti waliokuwa wakiunda mfumo wa Unix walihitaji mashine mpya, nao wakaiomba kwa ahadi kwamba wangeitumia kutayarishia matini. Ahadi ikatimia: mwaka wa 1971 wapigachapa wa idara ya hataza ya kampuni hiyo walikuwa wakiitumia kazini. Joe Ossanna akaandika nroff, na mwaka wa 1973 troff, iliyoweza kuamrisha mtambo wa kupanga herufi kwa mwanga.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Ili ukingo unyooke bila kuacha mapengo, sharti baadhi ya maneno yakatwe. Kukata neno kunadai kanuni, na troff ilipewa kanuni za Kiingereza, zikiwemo za viambishi tamati vya lugha hiyo. Isitoshe, mstari ulioanza kwa nukta au kwa kibainishi (’) ulichukuliwa kuwa ni amri. Na amri isiyojulikana ilipuuzwa kimyakimya. Hebu fikiria, msomaji, mshairi wetu anayefupisha ‘umetoka’ kuwa ‘’metoka’ ili kutosheleza mizani, na neno hilo likawa ndilo linaloanza mshororo. Mshororo mzima ungetoweka bila hata onyo! Ilikuwapo alama ya kuuokoa, lakini ni lazima mtu awe anajua kwamba kuna kitu cha kuokolewa.

Je, hiyo ilikuwa dharau kwa Kiswahili? La hasha. Ossanna alikuwa akiwahudumia watu wa ofisi yake, na lugha yao ilikuwa Kiingereza. Kosa lilianza pale sisi tulipoupokea urithi wa namna hiyo tukauchukua kama maumbile.

Wengine hawakufanya hivyo. Mwaka wa 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu ya pili ya kitabu chake, akachukizwa na sura ya herufi. Akaamua kuunda programu yake mwenyewe, TeX. Mwanafunzi wake Frank Liang, katika tasnifu yake ya mwaka wa 1983, akabuni njia bora ya kukata maneno: badala ya kuiandikia mashine kanuni za lugha moja, unaipa orodha ya maneno yaliyokwisha kugawanywa, nayo inachuja ruwaza kutoka humo. Orodha ikiwa ya Kiingereza, itakata Kiingereza. Ikiwa ya Kijerumani, itakata Kijerumani. Mwaka wa 1989 watumiaji wa Ulaya walimkabili Knuth kwa hoja kwamba TeX iliwabana kwa herufi na lugha zao. Akasikia. Toleo la 3 la mwaka wa 1990 liliweza kukata maneno ya lugha kadhaa ndani ya matini moja. Watu hao walijua walichokitaka, wakakidai.

Sisi tungedai nini? Ati silabi za Kiswahili ni rahisi, huishia kwa vokali, kwa hiyo hakuna la kusumbua akili? Tazama ‘tambaa’ na ‘alimbeba’. Katika neno la kwanza ‘mb’ ni kitu kimoja, nasi hukata ‘ta-mbaa’. Katika la pili ‘m’ ni kiambishi cha mtendwa na ni silabi kamili, kwa hivyo ‘alim-beba’ ni sawa ilhali ‘tam-baa’ ni kosa. Herufi ni zilezile, sarufi ndiyo tofauti. Na ‘labda’ je? Na ‘daftari’? Tunakata ‘daf-tari’ au ‘da-ftari’? Waulize walimu watatu, usishangae ukipata majibu mawili.

Maswali haya hayawezi kujibiwa na mhandisi wa Marekani, wala si kazi ya mchapishaji aliyebanwa na makataa. Ni kazi ya mtaalamu wa fonolojia na mofolojia, huyuhuyu anayefundisha silabi darasani kila muhula kisha akafunga daftari. Tumetumia miaka tukibishana iwapo mashine iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Sidharau mjadala wa istilahi, lakini tukishaipa mashine jina, yafaa pia tuipe maarifa ya lugha.

Orodha ya maneno elfu chache, yaliyogawanywa na wajuzi na kukubaliwa na wachapishaji, ni mradi unaoweza kufanywa na darasa moja la uzamili. Hadi hapo tutakapoifanya, mwenzangu huyu ataendelea kusahihisha kurasa zake kwa kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari. Nami simwambii pole, kwani yeye na mimi ni walimu wa lugha, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.