Nyumba Iliyopimwa kwa Mkono Ulioinuliwa

Unité d'Habitation ni jengo la fleti 337 mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa. Lilianza kujengwa mwaka 1947, likafunguliwa Oktoba 1952. Raoul Dautry, waziri wa ujenzi mpya baada ya vita, ndiye aliyempa Le Corbusier kazi hiyo mwaka 1945, nchi ikiwa imejaa familia zisizo na pa kulala. Haja ilikuwa ya haraka. Hata hivyo msanifu hakuharakisha kipimo.

Kipimo chenyewe kilikuwa mwili wa binadamu. Le Corbusier alimchukua mtu wa kimo cha mita 1.83; mtu huyo akiinua mkono, vidole vyake hufika mita 2.26, na hapo ndipo dari ilipowekwa. Upana wa fleti ya kawaida ni mita 3.66, yaani kimo cha mtu huyo mara mbili. Ni nyumba nyembamba, wala haifichi wembamba wake, lakini haimbani aliyemo: sebule hupanda ghorofa mbili na kufungua kifua cha nyumba nzima, kisha mbele yake kuna roshani.

Fleti nyingi hupenya jengo kutoka mashariki hadi magharibi, hivyo familia zake hupata jua la asubuhi na la jioni, na upepo hupita toka upande hadi upande. Ili hilo liwezekane, korido huwekwa moja kwa kila ghorofa tatu. Ukifungua mlango mmoja unapanda ngazi, ukifungua ule wa ng'ambo unashuka, na fleti hizo mbili hukumbatiana juu na chini ya korido. Baina ya fleti na fleti ziliwekwa vipande vya risasi ili kelele za jirani zisipite. Upande wa kaskazini, unakotoka upepo mkali wa mistral, ni ukuta mtupu.

Ustadi wa kweli, hata hivyo, uko kwenye mambo madogo. Vyumba vya watoto vimepangwa viwili viwili, kila kimoja na upana wa kitanda na njia ya kupita. Kati yake kuna ukuta wa kusukuma, nao umepakwa rangi ya ubao wa darasani. Usiku husukumwa ukafungwa, kila mtoto akawa na chake. Mchana hufunguliwa, vyumba viwili vikawa uwanja mmoja wa kuchezea, na chaki ikafanya kazi yake ukutani bila mtoto kugombezwa. Aliyebuni ukuta ule alijua kwamba watoto huandika kutani hata wakikatazwa.

Kando ya mlango wa kuingilia kuna kisanduku kilichojengwa ndani ya ukuta, chenye kifuniko upande wa korido na kingine upande wa jikoni. Mchuuzi aliweka barafu au vyakula bila kubisha hodi, na mpishi akavichukua bila kutoka nje. Jiko lenyewe, ambalo Charlotte Perriand alishiriki kulibuni, ni dogo, na kila kitu kiko karibu na mkono.

Zege liliachwa wazi bila plasta, na alama za mbao lilimomiminwa bado zinaonekana, mishipa ya mti na vifundo vyake. Wenyeji walilicheka jengo hilo wakaliita nyumba ya kichaa. Mwaka 2016 UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na kazi nyingine za Le Corbusier.

Waliofuata walichukua umbo wakaacha kipimo. Katika miaka ya 1950 na 1960 Ufaransa ilisimamisha vitongoji vizima vya maghorofa, na mara nyingi mstari wa jengo uliamuliwa na reli ya winchi: jengo lilirefuka kadiri winchi ilivyoweza kutembea. Sauti za majirani zilipita ukutani, na maduka yalikuja kwa kuchelewa, kama yalikuja. Uchovu wa kuishi Sarcelles, kaskazini mwa Paris, ulipewa jina lake katika Kifaransa, kana kwamba ni ugonjwa. Huko La Courneuve, kitongoji kingine cha Paris, jengo la Debussy lililipuliwa mwaka 1986, kabla halijazeeka. Lawama ziliangukia zege na urefu, vitu ambavyo Marseille pia inavyo. Aliyeepuka lawama ni yule aliyechora fleti bila kuuliza mtoto atachezea wapi.

Marseille nako muda umekula. Mtaa wa maduka uliowekwa katikati ya jengo haukupata wateja wa kutosha kama ilivyokusudiwa. Jokofu la umeme lilipoingia kila nyumba, mwenye barafu hakuwa tena na sababu ya kupita koridoni, na visanduku vya mlangoni vikabaki na vifuniko vyake viwili, kimoja nje, kimoja ndani.