Kozi ya Kuandika Hadithi: Inatoa Woga Gani, Inaacha Woga Gani?

Tangu tulianza kuweka maandiko hapa, swali moja linarudi kila mara. Mtu ako na diploma, aliandika TFC, aliandika memwari yenye kurasa mingi. Juu ya nini anaogopa kuandika ukurasa mmoja tu wa hadithi? Na nyuma ya swali hilo linakuja lingine: kuko kozi kwenye intaneti zinazosema zitakutoa woga huo. Ni kweli, ao ni kumaliza mega bure?

Nitajibu kwa kozi moja tu, juu ni heri kupima kitu kimoja vizuri kuliko kusema-sema juu ya vyote. Inaitwa Start Writing Fiction. Ilitengenezwa na Open University ya Uingereza, iniversite iliyoanzishwa 1969 kwa kufundisha watu walio mbali, na ilifunguliwa kwenye FutureLearn mu 2014. Ni majuma 8, karibu saa 3 kila juma. Hukumu yangu naitoa mbele, musingojee mwisho: kozi hii inaponyesha vizuri sana woga wa kuanza. Lakini woga ulio mkubwa zaidi kwetu haiugusi, juu haiujui.

Tuanze na mazuri yake.

Kitu cha kwanza wanachokuomba ni kaye. Hawaombi mashine ya bei kali. Kaye na biki, unaandika kila siku kile umeona: namna mtu anatembea, namna mwingine anabishana bei, neno ulilosikia mu taksi. Hakuna mwenye kuja kusahihisha ile kaye. Kwa mtu aliyepita mu masomo yetu, hilo ni jambo jipya kabisa. Kwetu, kila karatasi tuliyoandika tangu primere ilikwenda kwa mwalimu na ikarudi na wino mwekundu. Hatujazoea kuandika kitu ambacho hakipewi pointi. Mkono umejifunza kwamba kuandika ni kuhojiwa, na mtu anayehojiwa anasema maneno machache, tena yale anajua yatamfurahisha mkubwa. Njo maana memwari zetu nyingi zinafanana. Kaye isiyo na mwalimu inaanza kufungua mkono ule.

Kisha kuko zoezi moja ninalolipenda kupita yote. Unaandika fungu fupi lenye jambo moja la kweli na matatu ya kutunga. Kisha unageuza: matatu ya kweli, moja la kutunga. Tujaribu kwa Swahili yetu ya Lubumbashi:

"Ule mama anauzishaka mikate pa kona ya avenyi yetu. Bwana yake alikuwa anatembeza treni. Siku moja treni ilirudia, ye hakurudia. Tangu ile siku, kila mukate ananyofoa kwanza ka kipande, anakaweka mu kitambala, njo anakupa."

Humo kuko jambo moja tu la kweli, na sitasema ni lipi. Mu kozi, zoezi hili ni la kuamsha mawazo, kuonyesha kwamba hadithi inajengwa kwa vyote viwili. Kwetu linafanya kazi ingine, ambayo pengine waliolitunga hawakuifikiria: ni ngao. Juu kwetu msomaji wa kwanza haulizi kama umeandika vizuri. Anauliza: "Unasema nani humu?" Shangazi anajiona mu hadithi, jirani anakuja kugonga mulango, na kama umegusa mkubwa wa kazi ao mtu wa bunduki, maneno inakuwa ingine. Woga huo si ugonjwa wa kichwa, ni akili. Lakini mtu akishajua kuchanganya, akitoa treni hapa akaiweka pale, akimpa mama mmoja huzuni ya mama mwingine, anaweza kusema ukweli bila kumwanika mtu wa kweli. Kwa hilo peke yake, kozi inastahili muda wako.

Jambo la tatu ni kusomwa. Unaweka andiko lako, wanafunzi wengine wanalisoma na kukuandikia mawazo yao, na wewe pia unasoma yao. Hawa ni watu wa nchi mingi wasiojua baba yako ni nani, kabila lako, wala ulisomea wapi. Wengi wetu hatujapata msomaji wa namna hiyo hata siku moja. Unaweka, unangoja, unasomwa, na hakuna kinachoanguka. Woga wa kuonekana unapungua, hiyo ni kweli.

Lakini hapa njo ninaanza kuichambua. Msomaji wa mbali ako na adabu kupita kipimo. Mara mingi anakuambia amependa, anakutakia mema, anapita. Na akiuliza swali, mara mingi ni lile la mgeni. Ukiandika "bukari", atataka kujua ni chakula gani. Ukiandika "kuranti imekatika", atafikiri ni ajabu, ni alama ya kitu fulani, kumbe kwako ni siku ya kawaida. Ukianza kumwelezea kila kitu, polepole hadithi yako inageuka kitabu cha watalii. Unaandika ukimwangalia yeye, na mama wa mikate anakuwa kitu cha kuonyesha. Umetoka kwa mwalimu wa wino mwekundu, umeangukia kwa mgeni wa kufurahisha. Wote wawili unawaandikia ukiinamisha kichwa.

Na sasa luga. Kozi iko kwa Kiingereza. Kwa wengi wetu hiyo ni luga ya tatu ao ya nne: luga ya wazazi nyumbani, Swahili mu njia, Kifaransa mu masomo, kisha Kiingereza cha filamu. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni luga ya serikali, na Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba ni luga za taifa. Mu karatasi ni sawa. Mu maisha, ukikosea Kifaransa wanakucheka mpaka unakunja karatasi. Ukiandika Swahili ya hapa, mwingine anakuambia hiyo si Swahili, Swahili ya kweli iko Zanzibar. Basi kijana anasimama katikati, biki mu mkono, na haandiki kwa yoyote. Njo woga mkubwa ninaousema. Hauulizi "nitaandika nini?" Unauliza "ni nani alinipa ruhusa, na kwa luga gani?" Kozi inakutendea kama mtu aliyekwisha kuchagua luga zamani sana. Kwa mtu wa Uingereza hilo halina shida. Kwetu ni kuruka shimo bila kuliangalia.

Kuko mahali palepale mu kozi ambapo wangeweza kulifungua. Kati ya waandishi wanaosikilizwa humo wakieleza namna walianza, yumo Abdulrazak Gurnah. Huyu alizaliwa Zanzibar mu 1948, akakua na Swahili kinywani, akatoka kwao akiwa kijana, akaenda Uingereza, akaandika vitabu vyake kwa Kiingereza, na mu 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Kumsikia humo kunatia nguvu. Lakini jambo hilo lina upande wa pili: hata mtoto wa ile Zanzibar ambako tunaambiwa Swahili bora inakaa, alipoandika, aliandika kwa luga ingine. Simlaumu, kila mtu na njia yake. Ninasema tu kwamba swali la luga liko pale, limekaa kwenye kiti, na kozi inapita mbele yake bila kulisalimia.

Jibu liko karibu zaidi. Mu 1965, mu muji huu wakati ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, bwana mmoja jina lake André Yav aliandika kitabu kidogo cha historia ya muji kwa jina la chama cha watu waliofanya kazi mu nyumba za wazungu, wale walikuwa wanaitwa baboyi. Aliandika kwa Swahili ya hapa, namna inasemwa, bila kungoja mtu amwambie neno linaanzia wapi na linakatikia wapi. Alikipa jina la Kifaransa linaloanza na "Vocabulaire", lakini ndani ni historia. Mwanachuo Johannes Fabian alikichapisha mu 1990, na ili kukielewa vizuri ilipaswa mtu wa Lubumbashi akisome kwa sauti. Angalieni vizuri: kitabu kile kilikuwa kinaomba sikio la mtu wa hapa. Wale waliokiandika hawakuwa na diploma zetu, na leo mtu akitaka kujua wazee waliuona namna gani muji huu, anarudi kwao. Sisi wenye diploma tunaacha nini?

Hilo si swali la kupendeza masikio. Kama hatuandiki, maisha yetu yataandikwa tu, lakini mu raporo za miradi, ambamo sisi ni "vijana wasio na kazi", asilimia fulani, na picha moja pa jalada. Mama wa mikate atakuwa "mwanamke wa biashara ndogo". Kitambala chake hakitakuwamo.

Basi kwa mwenye kuniuliza kama afuate kozi hii, ninasema: fuata. Lakini fuata namna hii. Jikusanyeni watu wanne ao watano, simu moja inatosha. Anayejua Kiingereza asome zoezi, awaelezee wengine. Kaye iandikwe kwa luga ile inakuja ya kwanza mu kichwa, hata kama inachanganya tatu mu mstari mmoja. Andiko la Kiingereza muwapelekee wale wa mbali, lile la Swahili musomeane kwa sauti, na kati ya wasikilizaji muweke mtu mmoja ambaye hakusoma sana: mama, fundi, mtu yeyote anayeweza kusema "hapa unadanganya" bila haya. Huyo njo atakupa kile ambacho msomaji mwenye adabu hakupi.

Na cheti musikifikirie. FutureLearn wanakiuzisha, na sisi tuko na ugonjwa wa vyeti, tunavikusanya sawa vile watoto wanakusanya vizibo vya chupa. Baada ya majuma 8, mtu akikuuliza umepata nini, umwonyeshe kaye. Kama imejaa, kozi ilifanya kazi.

Wenye kuanza, mutuletee hapa fungu moja: jambo moja la kweli, matatu ya kutunga. Hatutauliza lipi ni lipi.